Barua kwa Karani: Barbados, kriketi na nani awe nahodha

Toleo lililopita niliitaja Barbados kwa mstari mmoja tu, nilipokuwa namjibu msomaji aliyeuliza kuhusu visiwa vidogo vyenye kiti Umoja wa Mataifa. Nikachomekea kwamba huko kriketi inagombanisha watu mezani kama Simba na Yanga kwetu. Kumbe nimechokoza. Barua zimejaa droo. Nimechagua hizi chache. Zinazomuulizia Rihanna, mwimbaji wa huko Barbados, nimewapa wajukuu zangu wazijibu, ila mjue tu kwamba yule binti nchi yake ilimtangaza shujaa wa taifa mwaka 2021, kwa hiyo si mwimbaji wa mchezo mchezo.

Babu Karani, shikamoo. Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kiko Bima hapa Mtwara mjini. Kwenye mkeka wa kubeti naona timu inaitwa West Indies inacheza kriketi na Uingereza, Pakistani, Australia. Nimeitafuta kwenye ramani sijaiona. Halafu wewe unasema Barbados ndiyo wababe. Mbona Barbados haipo kwenye mkeka?

Marahaba mjukuu wangu, na hizo hela za mkeka ungeziweka kwenye tairi la nyuma.

Hukuiona kwenye ramani kwa sababu si nchi. West Indies ni timu ya mataifa na visiwa vingi vya Karibiani vilivyoungana kwa ajili ya kriketi tu: Barbados, Jamaika, Trinidad na Tobago, Antigua na vingine vidogo, pamoja na Guyana ambayo hata kisiwa si kisiwa, ipo bara la Amerika ya Kusini. Kila nchi ina rais au waziri mkuu wake, bendera yake, timu yake ya mpira wa miguu. Ikifika kriketi wanavaa fulana moja. Mwaka 2022 pale Birmingham, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kila nchi ilitakiwa kuja na bendera yake, basi wanawake wa Barbados wakacheza kama Barbados. Hiyo ni nadra.

Usidhani jambo hili ni geni kwetu. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, Uingereza mwaka 1975, lilikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndani ya kikosi kimoja. Tulifungwa mechi zote tatu, na New Zealand, India na Uingereza, tena kwa vipigo vya kutia huruma. Kombe lenyewe likachukuliwa na West Indies, waliowashinda Australia fainali kwa mikimbio 17 (mkimbio ndiyo pointi ya kriketi). Wakalichukua tena 1979. Muungano wetu wa kriketi ulikuja kuvunjika, wao wangali pamoja mpaka leo, ijapokuwa kwa kununiana sana, kila kisiwa kikilalamika mchezaji wake ameachwa.

Sasa Barbados ndani ya muungano huo. Ni kisiwa kinachokaribiana kwa ukubwa na Mafia yetu, kilometa za mraba 430 hivi. Mafia ina watu zaidi ya 60,000, Barbados inakaribia 280,000. Watu hao hao, wasiofikia hata wakazi wa wilaya kubwa ya kwetu, wametoa wachezaji ambao dunia nzima ya kriketi inawataja kwa kunyanyua kofia. Ndiyo maana nikasema wababe.

Karani, mimi ni mama nauza samaki wa kukaanga hapa Mikindani. Wageni wakija wanaonyeshwa Boma na wanasimuliwa habari za watumwa waliopitia hapa. Nimesikia watu wa Barbados ni weusi kama sisi. Je, walitoka pwani hii hii?

Dada yangu, swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Jibu fupi ni hapana, karibu wote walitoka upande wa pili wa Afrika, kule Ghana na Nigeria za leo na majirani zake. Waliopitishwa Kilwa na Mikindani wengi walipelekwa Unguja na Pemba kwenye mikarafuu, Uarabuni, na visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi.

Waingereza waliingia Barbados kuishi mwaka 1627. Mwanzoni walilima tumbaku na pamba. Miaka ya 1640 wakajifunza miwa, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu miwa inataka mikono mingi na inawaua wenye mikono hiyo. Mwaka 1661 wakatunga sheria ya watumwa iliyomfanya mtu kuwa mali kama kiti, na makoloni mengine ya Kiingereza yakaja kuiga. Aprili 1816 watumwa waliinuka wakiongozwa na Bussa. Mashamba ya miwa yaliwaka moto, maasi yakazimwa kwa risasi na vitanzi. Sheria ya kukomesha utumwa ilianza kazi 1834, lakini watu wakaambiwa wabaki "kujifunza kazi" kwa mabwana wale wale hadi 1838. Kujifunza nini, wakati ni wao waliokuwa wakiifanya? Serikali ya Uingereza ikatoa pauni milioni 20 kama fidia kwa makoloni yake. Usiulize walipewa nani. Walipewa mabwana.

Nikuongezee kimoja nilichokuwa nawaambia vijana bandarini. Barbados ina bunge tangu 1639. Mtu wa kawaida asiye na mali alikuja kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu mara ya kwanza mwaka 1951. Piga hesabu mwenyewe. Uhuru walipata tarehe 30 Novemba 1966, chini ya Errol Barrow, na tarehe hiyo hiyo mwaka 2021 wakamwondoa Malkia wa Uingereza kwenye kiti cha mkuu wa nchi, rais wao wa kwanza akawa Sandra Mason.

Shikamoo Babu. Nasoma kidato cha tatu Masasi. Mwalimu wetu wa historia anasema kriketi ni mchezo wa wakoloni. Sasa ilikuwaje wajukuu wa watumwa waupende kiasi hicho? Na mchezo wenyewe unachezwaje?

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi, na swali lako ndilo lililonifanya nikae na kalamu usiku.

Uchezaji kwanza. Katikati ya uwanja kuna njia ya mita 20 hivi, kila mwisho vimesimikwa vijiti vitatu. Mmoja anarusha mpira mgumu avipige vijiti, mwingine anavilinda kwa gongo bapa. Akiupiga mpira mbali anakimbia na mwenzake kubadilishana ncha, kila mara ni mkimbio mmoja. Ukivuka mpaka wa uwanja kwa kudunda ni minne, ukivuka hewani ni sita. Mrushaji mmoja anarusha mipira sita, kisha anampisha mwenzake. Mengine utayajua ukicheza.

Nilivyojua mimi ni hivi. Meli zilizokuja Mtwara kubeba korosho ghafi kwenda India zilikuwa na mabaharia wa Kihindi. Mvua ikipiga, upakiaji unasimama, maana gunia la korosho likilowa ni hasara. Mvua ikikatika, wakati tunangoja gati likauke, wao wanateremka na ubao uliochongwa kutoka mbao za kutandikia mizigo, pipa la oili ndiyo vijiti, na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme ili uwe mzito na uruke vibaya. Nikaanza kwa kuokota mipira iliyoelekea majini. Serahangi wao, yaani msimamizi wa mabaharia, mtu mnene mwenye masharubu, kila akirusha alikuwa anatangaza jina: "Marshall!" Siku moja nikamuuliza huyo Marshall ni nani. Akaweka mpira chini kabisa, akanieleza Kanpur, mwaka 1983: Malcolm Marshall wa Barbados alimrushia Sunil Gavaskar, mpigaji waliyemwabudu Wahindi wote, mpira wenye nguvu mpaka gongo likamtoka mikononi. Serahangi alisimulia kama mtu aliyeibiwa, lakini kwa heshima. Nikajiuliza: kisiwa gani hiki kinachowatisha Wahindi milioni mamia?

Ndipo nilipoanza kuwinda habari zake, redioni na kwenye magazeti waliyoacha mabaharia.

Zamani, kule kwenye mashamba ya miwa, mabwana walipenda kupiga. Kupiga ndiko kwenye madaha. Lakini mtu hapigi bila mrushaji, na kurusha mpira kutwa nzima juani ni kazi ya jasho. Basi wakawekwa Waafrika kurusha na kufukuzia mipira. Nilipolisoma hilo nilitabasamu peke yangu, kwa sababu nimekaa bandarini, najua nani hubeba gunia na nani hushika kalamu. Wakarusha miaka na miaka, na kumbe ukirusha miaka na miaka mkono unapata akili. Wao wenyewe kwa wenyewe wakawa wanacheza vichochoroni na ufukweni.

Vilabu navyo viligawanyika kwa rangi na tabaka. Wanderers na Pickwick vilikuwa vya weupe. Spartan kilikuwa cha watu wa rangi waliosoma, wanasheria na madaktari. Herman Griffith, mrushaji hodari lakini mtu wa chini, alikataliwa Spartan, na waliochukizwa na jambo hilo wakaanzisha Empire mwaka 1914. Kijana kama Everton Weekes alizaliwa jirani na uwanja wa Kensington Oval, nyumbani kwa Pickwick, lakini hakuweza kuwa mwanachama. Aliingia kwa kuwasaidia watunza nyasi. Huyo Weekes, na Frank Worrell, na Clyde Walcott, wote walizaliwa karibu na uwanja huo ndani ya mwaka mmoja na nusu, kati ya 1924 na 1926, na wote watatu wakawa wapigaji wa kutisha dunia. Kupiga, si kurusha. Hapo mabwana walishapoteza nusu ya mchezo.

Nusu iliyobaki ilikuwa unahodha. Timu ilijaa weusi, lakini nahodha lazima awe mweupe, hata kama hafui dafu. George Headley wa Jamaika alipewa mechi moja tu mwaka 1948, pale pale Bridgetown. Ilichukua miaka 12 mingine na kelele nyingi magazetini mpaka Worrell akakabidhiwa timu kwa ziara nzima ya Australia, 1960 kwenda 1961. Waliosema mweusi hawezi kuongoza walikaa wakisubiri aaibike. Mechi ya kwanza, Brisbane, iliisha timu zote zikiwa sare kwa mikimbio, jambo ambalo halijawahi kutokea katika mechi kubwa za kimataifa kabla ya siku hiyo. Ziara waliipoteza mbili kwa moja, lakini walipoondoka Melbourne watu walifurika barabarani kuwaaga, na Waaustralia wakatengeneza kombe wakaliita jina la Worrell. Alifariki 1967 kwa saratani ya damu, umri miaka 42. Ukishika noti ya dola 5 ya Barbados, sura iliyo pale ni yake.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako: mchezo ulikuwa wao kweli, na waliouchukua waliuchukua kwa hatua. Kwanza mpira, halafu gongo, mwisho unahodha. Kwa maoni yangu, hatua ya tatu ndiyo iliyowauma wenyewe.

Sijakwambia bado habari za Garfield Sobers, na nisipomtaja serahangi atafufuka. Alizaliwa Bridgetown 1936 akiwa na kidole cha ziada kila mkono. Baba yake alikuwa baharia wa meli za mizigo, meli ikapigwa na nyambizi ya Wajerumani mwaka 1942 akafa, mtoto ana miaka mitano. Mwaka 1958, bado kijana wa miaka 21, alipiga mikimbio 365 dhidi ya Pakistani bila kutolewa, rekodi iliyodumu hadi 1994. Na tarehe 31 Agosti 1968, mjini Swansea, Malcolm Nash alimrushia mipira sita, Sobers akaitoa yote sita nje ya uwanja hewani. Sita mara sita. Wa kwanza kufanya hivyo katika kriketi ya daraja la juu.

Ndugu Karani, mimi ni mzee wa Nachingwea. Nilikuwa kijana FRELIMO walipokuwa kambini hapa, najua maana ya ukombozi. Hao wachezaji wako walikuwa upande gani wakati wa makaburu?

Ndugu yangu, nilijua barua kama yako itakuja, na sitaizunguka.

Upande wa serikali na umma wa Karibiani, msimamo ulikuwa kama wetu. Lakini watu ni watu. Mwaka 1970 Sobers mwenyewe, akiwa nahodha wa West Indies, alikwenda Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo iliyokuwa chini ya utawala wa weupe wachache, kucheza mashindano. Karibiani ilichafuka. Serikali ya Guyana ikasema hakaribishwi mpaka akane alichofanya, na akaandika barua ya kujutia.

Baya zaidi likaja 1983. Makaburu walikuwa wametengwa na kriketi ya dunia, wakaamua kununua wachezaji. Kikosi cha West Indies cha kuasi kikaenda Afrika Kusini mara mbili, nahodha Lawrence Rowe wa Jamaika, na ndani yake wachezaji kadhaa wa Barbados, akiwemo Sylvester Clarke na Collis King, yule yule aliyeng'ara fainali ya 1979. Weusi wakilipwa na utawala wa ubaguzi ili waonekane wanacheza! Wakafungiwa maisha, adhabu ikaja kuondolewa 1989. Wengine hawakupata tena kazi ya maana nyumbani, majirani wakawapa kisogo. Viv Richards wa Antigua aliwekewa fedha mezani akazikataa.

Wapo wanaowatetea: walikuwa maskini, kriketi ya wakati ule hailipi, nafasi kwenye timu kubwa zilikuwa zimejaa. Nawaelewa. Ila nakumbuka Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu 1974, hakukimbia Montreal 1976 kwa sababu nchi yetu ilisusia Olimpiki kwa ajili ya Afrika Kusini hiyo hiyo. Medali yake ilibaki huko. Ndiyo maana kwa wale wa 1983 huruma yangu ina kikomo.

Babu, mimi ni mpenzi wa Namungo hapa Ruangwa. Mpira wa miguu hao watu hawaujui?

Wanaujua, lakini si sana. Hata hivyo wamewahi kucheza mechi ambayo hutaisahau.

Januari 1994, kufuzu Kombe la Karibiani, Barbados na Grenada. Barbados ilihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili. Waandaaji walikuwa wametunga kanuni ya ajabu: mechi ikienda dakika za nyongeza, bao la dhahabu linamaliza mchezo na linahesabiwa mawili. Barbados inaongoza 2-0, mambo shwari. Dakika ya 83 Grenada ikapata moja. Sasa ni 2-1, haitoshi. Wachezaji wa Barbados wakafikiri: tukitafuta bao la tatu, muda hautoshi. Tukijifunga wenyewe, ni 2-2, tunaingia nyongeza, bao moja tunapewa mawili. Beki na kipa wakapasiana kidogo, beki akautia wavuni kwake. Grenada walipong'amua, wakataka nao kujifunga, maana hata wakifungwa kwa bao moja tu wangefuzu. Dakika za mwisho Barbados walikuwa wanalinda magoli yote mawili, la kwao na la wapinzani! Wakafika nyongeza, wakafunga, matokeo yakaandikwa 4-2. Kocha wa Grenada alikasirika sana, na mimi ningekuwa yeye ningemtafuta aliyetunga kanuni.

Riadha wanajitahidi. Obadele Thompson alipata shaba ya mita 100 Sydney 2000, na Ryan Brathwaite akawa bingwa wa dunia wa mita 110 kuruka viunzi, Berlin 2009.

Wanakula nini? (Mama wa Newala)

Ugali, mama. Wanauita cou-cou, unga wa mahindi unasongwa pamoja na bamia kwa mwiko bapa mpaka ulainike, na kitoweo ni wale samaki wenye mapezi marefu wanaoruka juu ya maji. Ndicho chakula chao cha taifa. Bamia ndani ya ugali sijajaribu, mke wangu amekataa.

Mwalimu mwenzako wa maisha, nafundisha shule ya msingi Lindi. Ningependa watoto wajaribu kriketi, lakini vifaa ni ghali na uwanja wetu ni wa mchanga. Nifanyeje? Na kuna faida gani ikiwa Tanzania yenyewe haichezi?

Tanzania inacheza, mwalimu. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu mwaka 2025 kwenda Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza kabisa, na droo ikawaweka kundi moja na nani? West Indies. Viwanja vizuri viko Dar es Salaam, hilo ni kweli, na kusini tumeachwa.

Vifaa usisubiri. Watoto wa Karibiani wengi walianza na shina la kuti la mnazi, lile pana linaloshikana na mti. Minazi Lindi ipo. Kata urefu wa kufika kiunoni kwa mtoto, chonga sehemu ya kushikia, zungushia mpira wa baiskeli usimteleze. Mpira tumia wa tenisi, usiwape mgumu kabisa mpaka uwe na kofia na kinga za miguuni, mpira ule unavunja meno. Vijiti ni mawe matatu au ndoo iliyopinduliwa. Kwenye mchanga mpira haudundi, kwa hiyo shukeni ufukweni maji yakitoka, pale palipo tambarare na pagumu. Gawa timu sita kwa sita, wasichana na wavulana pamoja, kila mtoto arushe mipira yake sita kabla hajagusa gongo. Na mtoto aliyekuja na mpira wa nyumbani kwao asiwe nahodha kwa sababu hiyo tu, hata akitishia kuondoka nao.